UZI: Ketamini ni tiba ya akili au ni mihadarati? Tuelewane kabla ya kupiga kelele

1. Jumapili jioni, Mama Ngina. Mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, meli kubwa inapita polepole kuingia Kilindini, na kama kawaida kila benchi lina bunge lake. Bunge la benchi letu lilikuwa limepamba moto. Mmoja amesikia kwenye mkutano kwamba kuna "sindano mpya" ya kuwatibu vijana wenye unyogovu, na watu wake wakiingia madarakani wataileta. Mwingine amesikia kwenye mkutano wa upande wa pili kwamba sindano hiyo ni mihadarati, na wanaoitetea wanataka kuwamaliza watoto wa Pwani walionusurika na unga.

2. Pembeni alikuwa ameketi mama mmoja na kikombe chake cha kahawa, kimya muda wote. Mwishowe akasema: "Wanangu, mimi mdogo wangu ashajaribu kujitoa uhai mara mbili. Hiyo sindano ipo ama haipo? Na nikimpeleka hospitali, hawatamshika polisi?" Benchi lote likanyamaza. Saa nzima tulikuwa tunabishana juu ya dawa ambayo hakuna kati yetu aliyejua inafanya kazi vipi. Nikamwambia, "Mama, nipe siku mbili nikuletee jibu lililonyooka." Uzi huu ndio jibu lenyewe. Sheria zetu ni zile zile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunapima hoja.

3. Tuanze na dawa. Ketamini si kitu kipya. Ilitengenezwa mwaka 1962 na mwanakemia Calvin Stevens wa kampuni ya Parke-Davis, Marekani, na mwaka 1970 ikaruhusiwa huko kama dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Sifa yake kubwa ni kwamba mgonjwa hasikii maumivu lakini kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, na presha yake haiporomoki kirahisi. Kwa hospitali isiyo na mashine nyingi wala daktari bingwa wa usingizi, hiyo ni neema. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985. Kenya pia inayo kwenye orodha yake ya dawa muhimu, upande wa upasuaji.

4. Kwa hivyo anayekwambia "wataileta", mwambie ishafika zamani. Pengine wewe unayesoma, au mamako, mlishalazwa nayo. Hapa hapa Kenya, magharibi ya nchi, kuanzia 2013 kulikuwa na mradi wa kuwafundisha wahudumu wa afya kutumia ketamini pale mama mjamzito anahitaji upasuaji wa dharura na mtaalamu wa usingizi hayupo. Kuna akina mama na watoto wako hai leo kwa sababu hiyo.

5. Mwaka 2015 China ilipendekeza kwenye Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kule Vienna, ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu watu wanaitumia kujistarehesha. WHO ilikataa kuunga mkono, na nchi nyingi maskini zikapinga. Sababu ni nyepesi: ukiibana sana, vijana wa madisko ya ughaibuni watapata njia nyingine, lakini mama wa kijijini atapasuliwa bila dawa. Pendekezo likawekwa kando. Shika jambo hili, tutalirudia: dawa moja inaweza kuwa uhai mahali pamoja na balaa mahali pengine. Kinachotofautisha ni nani anaishika na nani yuko karibu.

6. Sasa iliingiaje kwenye afya ya akili? Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio dogo sana, wagonjwa 7 tu wenye unyogovu (wenzetu Tanzania huita sonona). Walipewa dozi ndogo ya ketamini kwa dripu, na hali ya baadhi yao ikaanza kupata nafuu ndani ya siku chache. Mwaka 2006 taasisi ya utafiti wa afya ya akili ya serikali ya Marekani ikalirudia na kuona nafuu ndani ya saa chache kwa watu ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda.

7. Kwa nini hilo lilishtua watu? Kwa sababu vidonge vya kawaida vya unyogovu huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matunda. Vinafanya kazi kwa wengi, lakini takriban mtu mmoja kati ya watatu hubaki pale pale hata baada ya kubadilishiwa dawa mara kadhaa. Ukiwa na mtu anayesema leo usiku hataki kuamka kesho, wiki nne ni mbali sana. Ketamini inapita njia tofauti ya ubongo, ile ya kemikali iitwayo glutameti, na ndiyo maana ina kasi tofauti.

8. Mgonjwa anafanyiwa nini hasa? Njia iliyochunguzwa zaidi ni dripu: nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, inaingia taratibu kwa dakika 40. Dozi hiyo ni ndogo kuliko ya upasuaji, na mgonjwa halali fofofo. Anaweza kuhisi kama anaelea, kama ametoka nje ya mwili wake, sauti zinabadilika, muda unavutika. Wengine huona raha, wengine huogopa. Presha hupanda. Kuna kizunguzungu na kichefuchefu. Baada ya saa moja au mbili mambo hutulia. Siku hiyo haendeshi gari wala pikipiki, na harudi nyumbani peke yake.

9. Hapo bado hatujafika kwenye tiba inayozungumzwa majukwaani. Tiba ya mazungumzo inayosaidiwa na ketamini ni kitu kingine. Wazo lake ni hili: kwa saa au siku chache baada ya dawa, akili iliyokuwa imefungwa kwenye wazo moja ("sina maana, afadhali nife") hulegea kidogo. Mtaalamu wa nasaha anautumia muda huo. Anakutana na mgonjwa kabla ya dawa kumtayarisha, anakuwa naye wakati wa dawa, kisha anakutana naye baadaye ili yale yaliyomjia yageuke kuwa mwenendo wa kila siku. Dawa inafungua mlango, mazungumzo ndiyo yanayompitisha.

10. Wazo hili nalo lina umri. Daktari Evgeny Krupitsky alilifanyia kazi huko Urusi tangu miaka ya 1980 kwa waraibu wa pombe. Kazi aliyoichapisha 1997 ilisema kati ya wagonjwa 111, takriban theluthi mbili walikaa zaidi ya mwaka bila kunywa, na kwa waliopata tiba ya kawaida ilikuwa kama robo tu. Inavutia, lakini viwango vya utafiti wa siku hizi ni vikali zaidi. Mwaka 2022, Uingereza, jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter lilichukua watu 96 wenye tatizo la pombe. Waliopata ketamini walikuwa na siku nyingi zaidi bila pombe ndani ya miezi 6, na tofauti kubwa zaidi ilionekana kwa waliopata ketamini pamoja na mazungumzo, wakilinganishwa na waliopewa maji ya chumvi na masomo tu.

11. Tuwe wakweli hapa. Kwamba ketamini inaleta nafuu ya haraka kwa unyogovu sugu, ushahidi ni mzuri. Kwamba mazungumzo yakiongezwa nafuu inadumu zaidi, ushahidi unatia moyo lakini bado ni mchanga. Atakayekwambia "imethibitishwa kabisa" anauza. Atakayekwambia "ni uongo mtupu" hajasoma.

12. Na nafuu ya dripu moja haidumu. Kwa wengi huanza kuyeyuka baada ya siku kadhaa hadi wiki moja au mbili. Ndiyo maana hutolewa kwa mfululizo, na wengine huhitaji kurudi mara kwa mara. Hii si chanjo kwamba unachoma unasahau.

13. Kuna watu haiwafai: mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye ugonjwa wa kuona na kusikia visivyokuwepo, mama mjamzito. Mwenye historia ya uraibu anahitaji uangalifu mkubwa sana, na kwa Pwani yetu hilo si jambo dogo. Ketamini ikitumiwa ovyo na mara nyingi huleta uraibu, na huharibu kibofu hadi mtu anakojoa damu na maumivu.

14. Mfano unaojulikana: mwigizaji wa Marekani Matthew Perry alifariki Oktoba 2023, na uchunguzi ukataja madhara ya ketamini kama sababu kuu. Aliwahi kupewa ketamini kama tiba ya unyogovu, lakini iliyomuua ilitumika nyumbani, nje ya uangalizi wa kliniki. Mwaka uliofuata watu kadhaa wakashtakiwa, madaktari wakiwemo. Dawa ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kumwangalia mgonjwa na kusema "basi, inatosha".

15. Kisheria ikoje? Marekani, Machi 2019, iliruhusu ndugu ya ketamini iitwayo esketamini, ya kupuliza puani, kwa unyogovu uliogoma dawa nyingine. Masharti: unaitumia mbele ya mhudumu, unakaa ukiangaliwa saa 2, huibebi kwenda nayo nyumbani. Ilipoanza kuuzwa, bei ya kikao kimoja ilikuwa kati ya dola 590 na 885. Uingereza, shirika linalopima kama dawa inastahili pesa za umma lilikataa kuipendekeza. Ketamini yenyewe ya kawaida, ile ya bei rahisi, haijaidhinishwa rasmi Marekani kwa ugonjwa wowote wa akili. Madaktari huitumia kwa uamuzi wao wa kitaalamu.

16. Kwetu Kenya, ukiona tangazo la "tiba ya ketamini", maswali ya kwanza ni mawili. Daktari huyu yumo kwenye daftari la Baraza la Madaktari (KMPDC)? Unaweza kuangalia mwenyewe mtandaoni. Na je, dawa inatoka kwenye mikono inayotambuliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Akisita kujibu, ondoka.

17. Sasa twende kwenye hoja za majukwaani, moja moja.

HOJA YA KWANZA: "Wanaleta mihadarati kwa jina la tiba."
Siicheki hoja hii. Aliyekulia Mji wa Kale, Bondeni au Kisauni hahitaji kufundishwa unga ulifanya nini. Heroini iko Pwani tangu miaka ya 1980, na kuna mitaa ambayo ukihesabu vijana wa rika moja waliozikwa, unashindwa kuendelea. Mzazi anayeogopa neno "dawa" ana sababu zake.

18. Lakini hoja hii hii tulishaisikia wakati wa metadoni. Watu walisema "mnabadilisha unga kwa unga". Kenya ilianza metadoni mwishoni mwa 2014 pale Mathari, Nairobi, mwaka uliofuata Malindi, kisha Mombasa ikapata kliniki Kisauni. Metadoni nayo ni dawa kali inayoweza kuua. Kwa nini imewarudisha watu kazini na kwa familia zao? Kwa sababu mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa mbele ya mhudumu, kuna mshauri, kuna vipimo vya HIV na kifua kikuu, kuna mtu anayejua jina lake. Dawa hiyo hiyo ukiiuza uchochoroni ni msiba mwingine.

19. Na metadoni imetufundisha la pili. Sehemu kubwa ya huduma hizo ilibebwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za HIV na za waraibu zikayumba, watu wakapoteza kazi. Chupa za dawa zinaweza kuwepo kwenye kabati na bado mgonjwa akakosa tiba, kwa sababu yule aliyekuwa anampokea kila asubuhi amerudishwa nyumbani.

20. HOJA YA PILI: "Tutaipeleka kila hospitali."
Haya, tupige hesabu ya benchi. Chukua ratiba ya esketamini: mara 2 kwa wiki, wiki 4. Hivyo ni vikao 8. Kila kikao, kitanda na muuguzi kwa saa 2. Jumla saa 16 kwa mgonjwa mmoja, kabla hujaweka saa hata moja ya mazungumzo. Muuguzi mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa wiki 4, ana saa 160. Akimwangalia mgonjwa mmoja mmoja, atamaliza wagonjwa 10. Kumi! Hata ukimwekea wawili kwa wakati mmoja, ni 20. Ongeza daktari awe karibu presha ikipanda, na mtaalamu wa nasaha mwenye saa zake.

21. Umeona pesa ziko wapi? Ketamini ya kawaida ni dawa ya bei nafuu na haina hataza ya kampuni yoyote. Gharama iko kwa watu: anayemlaza, anayemwangalia, anayezungumza naye wiki ijayo na wiki ile nyingine. Mgombea anayeahidi sindano bila kutaja mishahara ya hao watu ameahidi chupa tu. Na anayepinga sindano bila kusema hao watu watatoka wapi kwa tiba nyingine yoyote, naye hajakuahidi kitu.

22. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mwaka 2017 alikuta kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya 4 kwenda juu, 29 tu ndizo zilizokuwa zinatoa huduma za afya ya akili. Hapa Mombasa, wodi ya akili ambayo wengi wanaijua iko Port Reitz, Changamwe. Mtu wa Likoni avuke feri, apande matatu, akifika apange foleni. Na mgonjwa wa unyogovu, kutoka kitandani tu kumemshinda.

23. HOJA YA TATU: "Haya ni magonjwa ya wazungu. Kwetu ni jini, ni imani kupungua."
Ndugu zangu, kusomewa dua hakukatazwi na daktari yeyote mwenye adabu. Familia nyingi za hapa huanza kwa sheikh, kwa mchungaji au kwa mganga, na mtu akipata utulivu huko, alhamdulillahi. Swali ni moja: akiwa hali, halali, anagawa vitu vyake, anaaga watu, unampeleka wapi usiku huo? Mwenye presha tunamuombea dua na anakunywa kidonge. Ubongo nao ni kiungo.

24. HOJA YA NNE: "Msijali, SHA italipa."
Labda. Usiamini kwa maneno. Omba uonyeshwe kwenye orodha ya huduma na viwango iliyochapishwa: afya ya akili inalipiwa kiasi gani, kwa siku ngapi, hospitali zipi za Mombasa. Kisha uliza kama hospitali yenyewe inalipwa kwa wakati. Huduma iliyo kwenye karatasi na haiko kwenye foleni ni tangazo tu.

25. Sheria inasemaje? Wengi hawajui kwamba hapa raia ana silaha. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022. Inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma za afya ya akili kwenye vituo vyao, na kutenga pesa za kazi hiyo kwenye bajeti ya kaunti. Inakataza mwenye ugonjwa wa akili kubaguliwa kwenye bima. Kwa hivyo kiongozi wa kaunti akikuambia "hilo ni la Nairobi", mjibu kwa upole kwamba sheria imemtaja yeye.

26. Na lile swali la mama kuhusu polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa, na mtu aliweza kufungwa hadi miaka 2. Familia zilificha wagonjwa wao kwa sababu hiyo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpeleke mgonjwa wako hospitali bila hofu hiyo. Na usiogope kumwambia daktari ukweli wote, kwa sababu daktari asiyejua kilichotokea hawezi kumlinda.

27. Kitu kingine ambacho hakisikiki jukwaani: watu wengi wenye huzuni nzito hawahitaji ketamini kabisa. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja moja. Jaribio lililochapishwa 2016, la watu 573, lilionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Sisi mabenchi tunayo tele hapa, na bibi tunao. Tena tuna wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Kinachokosekana ni mafunzo, posho na mtu wa kuwasimamia.

28. Kwa hivyo picha nzima ni kama ngazi. Kidato cha chini: mtu wa mtaani aliyefundishwa kusikiliza. Cha pili: zahanati yenye vidonge vya kawaida visivyoisha kila mwezi. Cha tatu: mshauri nasaha na daktari wa akili wanaopatikana bila kuuza ng'ombe. Juu kabisa, kwa wale wachache ambao yote yamewashinda: tiba kama ketamini, kwenye chumba chenye watu. Ukijenga kidato cha juu peke yake, ni mwenye pesa tu atakayekifikia, kwa kuwa atakodi ngazi yake mwenyewe.

29. Basi mgombea yeyote akija mtaani kwako na hoja hii, awe anaisifu au anailaani, muulize haya:
– Kaunti yetu ina wauguzi wangapi waliosomea afya ya akili, na utaongeza wangapi mwaka wa kwanza?
– Kwenye bajeti ya afya, fungu la afya ya akili linaitwaje na lina shilingi ngapi?
– Mara ya mwisho vidonge vya kawaida vya unyogovu kwisha kwenye zahanati zetu ilikuwa lini?
– Wafadhili wakiondoka, nani analipa mishahara ya kliniki za metadoni?
– Ketamini ikija, nani atakaa na mgonjwa zile saa 2, na nani atampigia simu wiki inayofuata?

30. Tena msingoje kampeni. Bajeti ya kaunti ina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katikati hapo kuna vikao vya ushiriki wa umma. Mara nyingi ukumbi huwa na viti vitupu na wazee kumi. Nendeni wengi, mkaulize mambo ya hesabu, na muombe jibu kwa maandishi.

31. Nilirudi pale Mama Ngina kama nilivyoahidi. Nilimwambia hivi: Mama, dawa ipo, si uongo, na si uchawi. Lakini kwa mdogo wako si pa kuanzia. Kwanza asiachwe peke yake, na dawa za panya, vidonge vingi na kamba viondolewe nyumbani. Hali ikichacha, hospitali yoyote iliyo karibu, kitengo cha dharura, saa hiyo hiyo. Kisha kliniki ya akili. Muulize daktari: ashajaribiwa dawa zipi, kwa dozi gani, kwa muda gani? Kuna mtu wa kuzungumza naye kila wiki? Ikiwa mbili tatu zimeshindwa kikweli, hapo ndipo uulize kuhusu ketamini, na uulize itatolewa wapi na nani atakuwa chumbani.

32. Akaniuliza, "Na huyo wa kuzungumza naye kila wiki, yuko wapi?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Na hilo ndilo swali ninalotaka liende jukwaani.

33. Ikiwa unayesoma hapa ndiye mwenye mawazo hayo, simamisha kusoma, mwambie mtu mmoja leo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapokea simu bure kwa 1199. Hakuna anayekucheka.

Sambazeni kwa yule anayebishana sana kwenye kundi la familia. Maswali wekeni hapo chini, nitajibu ninayoyajua. Mwisho wa uzi.